Kapsuli za mtoto zimegandana: zianikwe, zitiwe friji, au zirudishwe?

"Assalaam alaykum. Mwanangu wa kike ana miaka saba, kilo 20, ana sikoseli. Tupo Wete, Pemba. Tangu mwaka jana anatumia haidroksiyurea, kapsuli za miligramu 500. Daktari ameandika apewe moja kwa siku, siku tano kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi apumzike. Maumivu yalipungua sana, alhamdulillahi. Safari hii dawa nimepewa kwenye kibahasha cha nailoni, nikaiweka jikoni juu ya kabati. Masika yalipokolea nikakuta kapsuli zimelainika na kugandana, nyengine zimepasuka na unga wake umefanya mabonge. Mama mkwe akaniambia nizianike juani kama karafuu, jirani akasema nizitie friji. Nimezianika nusu siku, zikakauka kidogo. Tena mtoto hapendi kumeza, kwa hiyo mimi huifungua kapsuli nikachanganya unga na uji wa moto. Je, dawa bado ni nzima? Kwa nini wasitengeneze ya maji ikawa basi? Na ni kweli ganda lake ni la nguruwe?"

Waalaykum salaam, dada. Nianze na la kufanya leo, maelezo yafuate. Kapsuli zilizogandana, zilizopasuka au zilizoanikwa usimpe tena mtoto. Zitie zote kwenye mfuko mmoja, ufunge, uzirudishe ulikozichukua, na uombe nyingine zikiwa ndani ya chupa yake au pakiti yake ya kiwandani. Usizimwage chooni wala usizifukie uwanjani, maana hii ni dawa inayozuia seli kugawanyika. Haifai kuachwa mahali ambapo kuku na watoto wanachakura. Mtoto akikosa dozi siku mbili tatu ukishughulikia hilo, hakuna jambo la ghafla litakalotokea, kwa kuwa dawa hii hujenga kazi yake polepole kwa wiki na miezi. Akikosa wiki kadhaa, hapo kinga aliyoijenga huanza kubomoka.

Sasa swali lako kubwa: dawa bado ni nzima? Kwa kuitazama, hakuna anayeweza kukwambia, si wewe, si mimi, si daktari. Unga uliofanya mabonge unaweza kuwa na karibu dawa yote iliyokuwamo, au ukawa umepoteza sehemu kubwa. Watu wengi hufikiri dawa ikiharibika inageuka sumu, au inabaki vile vile ilimradi haijanuka. Kwa haidroksiyurea hatari kubwa iko katikati ya hayo mawili: unampa mtoto kipimo usichokijua, na daktari wake anapanga matibabu akiamini anakijua.

Ili uone kwa nini, tuingie ndani ya kapsuli.

Haidroksiyurea ni molekuli ndogo sana. Wakemia wawili wa Ujerumani, Dresler na Stein, waliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1869. Marekani iliikubali kama dawa ya saratani mwaka 1967, ikaikubali kwa watu wazima wenye selimundu, yaani sikoseli, mwaka 1998, na kwa watoto kuanzia miaka miwili mwaka 2017. Hapa Afrika utafiti wa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua kwa waliotumia. Kazi yake kubwa ni kuuamsha mwili urudi kutengeneza hemoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haigandamani ndani ya chembe nyekundu wala haizipindi zikawa kama mundu. Ni dawa nzuri, ya zamani na inayoeleweka vyema. Ila ina udhaifu mmoja unaotuhusu sana sisi watu wa visiwani: inapenda maji. Inayeyuka kwenye maji kwa urahisi kabisa, na hata ikiwa unga mkavu huvuta unyevu kutoka hewani.

Unga huo kwa asili ni fuwele, yaani molekuli zilizojipanga safu kwa safu kama matofali kwenye ukuta. Molekuli iliyobanwa ndani ya ukuta haina nafasi ya kugeuka wala kukutana na nyingine, ndiyo maana dawa kavu hudumu miaka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa jicho hujipaka juu ya fuwele, hasa pale punje mbili zinapogusana. Punje za nje huyeyuka kidogo ndani ya utando ule. Zikishayeyuka zimetoka ukutani, na maji yenyewe ndiyo yanayozivunja. Haidroksiyurea ikivunjwa na maji hutoa vitu kama amonia, kaboni dioksaidi na haidroksilamini, na hii ya mwisho ikiwa nyingi hudhuru chembe nyekundu za damu, zile zile tunazojaribu kuzilinda. Kisha mchana hewa hukauka kidogo, utando hupungua, na kile kilichoyeyuka huganda tena na kuunganisha punje mbili. Usiku unyevu hurudi. Mabonge uliyoyaona ni alama ya usiku mwingi wa namna hiyo.

Kuna mfano wake jikoni kwako. Chukua sukari ya kawaida uiache kwenye kisahani, na kando yake uweke kipande cha kashata ya njugu. Siku ya pili ya mvua sukari bado inamwagika punje punje, pengine imeshikana kidogo tu. Kashata imekwisha kuwa ya kunata. Sukari ni ile ile moja. Tofauti ni kwamba ulipoiyeyusha jikoni na kuipoza haraka, molekuli hazikupata muda wa kujipanga upya, zikagandia pale zilipo, shaghalabaghala. Umbo hilo lisilo na mpangilio huvuta maji mapema zaidi na hubadilika upesi zaidi. Dawa nazo ziko hivyo. Molekuli moja inaweza kuwa na sura mbili, tatu au zaidi za ugumu, na kila sura ina tabia yake: moja inayeyuka upesi tumboni, nyingine polepole, moja inavumilia unyevu, nyingine haivumilii.

Ndiyo kazi kubwa ya watu wanaotengeneza vidonge, na wagonjwa huwa hawaioni. Kabla dawa haijafika dukani huyeyushwa kwenye vimiminika vya aina nyingi, hupozwa haraka na polepole, husagwa, huwekwa kwenye unyevu wa ngazi mbalimbali, na kila mara fuwele zake hupigwa eksirei kuona zimejipanga vipi. Unga hupimwa uzito ndani ya chumba chenye unyevu unaopandishwa hatua kwa hatua. Ukiongezeka uzito, umekunywa maji. Wakati mwingine molekuli yenyewe haitulii hata ifanywe nini, basi huunganishwa na asidi au besi ikawa chumvi. Ile penisilini V wanayopewa watoto wengi wenye selimundu imefungwa na potasiamu ikawa chumvi, hasa ili iyeyuke vizuri. Eltrombopag, dawa ya kupandisha chembe za kugandisha damu, ni chumvi pia. Mitapivat, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2022 kwa aina moja ya upungufu wa damu wa kurithi, imeunganishwa na asidi ya salfa na hubeba maji kidogo ndani ya fuwele zake kwa makusudi, kwa kuwa katika sura hiyo imetulia.

Kosa hapa si dogo. Ritonavir, dawa ya Virusi vya Ukimwi, iliingia sokoni mwaka 1996 na ikawa inafanya kazi. Mwaka 1998 ikajitokeza ndani ya kapsuli sura ya fuwele ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, isiyoyeyuka vizuri, na kapsuli zikalazimika kuondolewa hadi zilipotengenezwa upya. Molekuli haikuwa imebadilika hata chembe, umbo lake gumu tu ndilo lililobadilika. (Na umbo zuri peke yake halitoshi. Voxelotor, kidonge cha selimundu kilichokubaliwa Marekani mwaka 2019, kiliondolewa na mtengenezaji wake Septemba 2024 kwa sababu ya wasiwasi juu ya vifo na maumivu makali kwa wagonjwa, jambo lisilohusu ukavu wa kidonge. Nalitaja ili usichanganye uimara wa dawa na usalama wake.)

Turudi kwenye kibahasha chako cha nailoni, maana hapo ndipo kisa kilipoanzia. Dawa ikishapata umbo lake, hutiwa kwenye chupa au pakiti itakayouzwa nayo, kisha hufungiwa kwenye chumba cha joto na unyevu maalumu. Kwa nchi za baridi kiasi, kipimo cha muda mrefu ni nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Kwa nchi za joto zenye unyevu mwingi ni nyuzi 30 na asilimia 75. Pamoja na hayo kuna jaribio la kuharakisha, nyuzi 40 na asilimia 75 kwa miezi sita. Mwishowe ndipo hupatikana ile tarehe ya mwisho wa matumizi unayoisoma. Angalia vizuri jambo hili: kilichopimwa ni dawa pamoja na chupa yake, kifuniko chake, na kile kifuko kidogo cha silika kinachonyonya unyevu. Siku kapsuli inapotolewa humo na kutiwa kwenye nailoni nyepesi, tarehe ile haina tena maana. Nailoni nyembamba huzuia maji ya bomba, lakini mvuke hupenya taratibu, na kibahasha chenyewe hufunguliwa kila siku. Chupa ni sehemu ya dozi. Aliyekupa dawa bila chupa, hata akiwa na nia njema ya kugawa kidogo kilichopo, amekupa dawa pungufu.

Tena kapsuli ina udhaifu wake wa pili, ganda. Ganda la jelatini lina maji ndani yake kwa kawaida, kiasi cha asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake. Yakipungua sana, ganda linakuwa kama jani kavu, linapasuka ukilibonyeza. Yakizidi, linalainika, linanata, na kapsuli zinashikana kama ulivyoona. Ganda likilainika linapitisha unyevu kwenda kwenye unga. Kwa hiyo kapsuli zinazonatana ni onyo linaloonekana la jambo lisiloonekana lililo ndani.

Kuanika. Namuelewa mama mkwe, amelelewa kwenye kisiwa ambacho jamvi la karafuu ndilo shule ya kwanza ya ukavu. Karafuu mbichi imejaa maji; ukiianika vizuri maji yanaondoka, mafuta yake yanabaki, na bei inapanda. Lakini karafuu haikuwa imevunjwa na maji yale, ilikuwa nayo tangu mtini. Dawa iliyolowa imekwisha kupoteza baadhi ya molekuli zake, na jua haliwezi kuziunga tena. Kinachoondoka juani ni maji, na hasara inabaki humo humo ndani huku kapsuli ikionekana kavu na nzuri. Zaidi ya hapo, kwa kadirio la wakemia kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka kasi ya kuharibika huenda mara mbili au zaidi. Kapsuli iliyolowa ikaachwa juu ya bati au jamvi mchana wa Pemba hupata maji na joto kwa pamoja, na hakuna namna mbaya zaidi ya hiyo.

Friji inadanganya kwa njia nyingine. Baridi kweli hupunguza kasi ya kuharibika, ila kila ukiitoa chupa baridi kwenye hewa ya jikoni na kuifungua, umande hukaa juu ya kapsuli, kama unavyokaa nje ya glasi ya maji ya barafu. Unatia maji ndani ya chupa kwa mkono wako, kila siku, ukifunga kifuniko juu yake. Umeme ukikatika mambo huongezeka. Haidroksiyurea ya kapsuli haitakiwi friji. Inataka pakavu, chini ya kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye lebo yake.

Mahali hapo pakavu ni wapi katika nyumba zetu? Si jikoni, kwenye mvuke wa wali na uji. Si bafuni, si dirishani, wala si kwenye kishubaka cha ukuta wa mawe unaotoa unyevu masika. Chumba cha kulala, ndani ya kabati la nguo, usawa wa kifua, mbali na bati la paa. Chupa yenyewe uitie tena ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ufunge, uweke pasipofikika na watoto. Kifuko cha silika usikitoe kwenye chupa hata kama kinakera, na usiongeze kingine ulichokitoa kwenye kiatu au mkoba, kwa kuwa hicho kimekwisha kujaa unyevu na hujui kimegusa nini. Mchele wanaotia kwenye chumvi hausaidii kiasi cha kutegemewa na dawa, na utaacha vumbi.

Asubuhi ukitoa dozi, mikono iwe mikavu. Inamisha chupa, ikianguka kapsuli moja kwenye kifuniko, tosha. Funga papo hapo, ndipo utafute maji na umwite mtoto. Usizimwage mkononi kuzihesabu. Usizipange za wiki nzima kwenye kisanduku cha siku saba, ambacho wengi hupewa kama zawadi kutoka nje. Kwa dawa zingine kinafaa, kwa hii hapana. Ukisafiri kwenda Unguja, chupa ipande boti nawe mkobani, si kwenye mzigo unaokaa juani bandarini, wala si ndani ya gari lililofungwa vioo. Na kama unaweza, chukua dawa ya mwezi mmoja mmoja. Chupa kubwa inayofunguliwa kila siku kwa miezi mitatu huishiwa na nguvu ya kifuko chake kabla haijaisha.

Tahadhari hii si ya haidroksiyurea peke yake. Dabigatran, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni kali zaidi kwenye jambo hili: maelekezo yake ya Marekani yanataka ibaki kwenye chupa yake na itumike ndani ya miezi minne tangu kufunguliwa, na ukiifungua kapsuli yake ukampa mtu punje zake peke yake, dawa inayoingia mwilini huongezeka kwa kiasi cha asilimia 75, hatari ya kuvuja damu. Ni kwa sababu hiyo nasema usijifunze tabia ya kufungua kapsuli yoyote bila kuuliza.

Na hapo tufike kwenye uji. Kufungua kapsuli na kuitia kwenye uji wa moto kuna makosa matatu. Joto na maji huanza kuivunja dawa bakulini. Mtoto asipomaliza bakuli, hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. La tatu ni lako wewe: unga wa dawa hii unaingia kwa ngozi na kwa kuvuta pumzi, na haufai kuguswa na mjamzito kabisa, wala mtu mwingine bila glavu. Ukimwagika, pangusa hapo hapo kwa karatasi au kitambaa chenye maji kidogo ambacho utakitupa, ukifunge kwenye mfuko, unawe mikono kwa sabuni. Kama una mimba au unaitarajia, mwambie daktari umekuwa ukizifungua.

Kumeza kunafundishika. Watoto wengi wa miaka saba wanaweza. Mwanzishe kwa kipande kidogo cha mkate laini kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi, kwa maji, kila siku kikubwa kidogo. Kisha jambo ambalo watu wengi hulikosea: kapsuli huelea. Tunawafundisha watoto kuinua kichwa nyuma, na kapsuli inaelea mbele mdomoni isishuke. Anywe funda la maji kwanza, atie kapsuli ulimini, achukue maji mengine, ainamishe kidevu kidogo kuelekea kifuani, ameze. Wengi huweza siku hiyo hiyo.

Ikishindikana kabisa, zipo njia halali, lakini zipite kwa mfamasia wa hospitali. Vipo vidonge vya miligramu 100, vinavyoweza kulainishwa kwenye maji kidogo ya kijiko muda huo huo wa kunywa. Mfamasia pia anaweza kukuandikia utaratibu wa kuyeyusha kapsuli: kwa mfano miligramu 500 ndani ya mililita 10 za maji baridi hutoa miligramu 50 kwa kila mililita, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano hutolewa kiasi alichoandika yeye, dakika ile ile, kinachobaki hakiwekwi hadi kesho. Utaona maji yana ukungu. Dawa imeyeyuka, ukungu ni unga wa kujazia usioyeyuka. Usianze njia hii kwa kusoma hapa tu. Bila glavu, bila bomba la kupimia na bila maandishi ya dozi, utakuwa umerudi kwenye uji.

Umeuliza kwa nini isiwe ya maji tu. Ipo, Ulaya imesajili ya maji ya miligramu 100 kwa mililita. Lakini kwenye maji molekuli zote zimekwisha toka ukutani, kwa hiyo inataka vihifadhi, baridi, na muda mfupi baada ya kufunguliwa. Ni nzito kusafirisha, ni ghali, na mzazi hukosea kupima. Kwa kisiwa kinachopokea dawa kwa meli na ambako umeme unakatika, kitu kigumu na kikavu bado ndicho kinachovumilia safari. Ningependa kuona vidonge vya miligramu 100 vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya alumini, ambayo haipitishi mvuke, vikiwa kwenye kila kliniki ya selimundu. Hilo lingemaliza matatizo yako mengi kwa mara moja.

Zile siku tano kwa wiki usizione kama kubahatisha. Kapsuli tano za 500 ni miligramu 2,500 kwa wiki, sawa na 357 kwa siku. Kwa kilo 20 hiyo ni karibu miligramu 18 kwa kilo, ndani ya kiwango cha kawaida cha kuanzia cha 15 hadi 20. Daktari amegawa siku ili wewe usilazimike kugawa unga. Uzito ukipanda, hesabu itabadilika, kwa hiyo apimwe kilo kila ziara.

Juu ya nguruwe: jelatini hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, kutegemea kiwanda. Yapo pia maganda yanayotokana na mimea. Jina la dawa halikwambii ni lipi. Angalia karatasi iliyomo ndani ya pakiti, au mwombe mfamasia amuulize msambazaji akiwa na jina la kiwanda na namba ya toleo. Hukumu ya dini waulize masheikh, mimi si mahali pake. Ombi langu ni kwamba usiifungue kapsuli ili kulikwepa ganda kabla hujapata jibu, kwa sababu ganda hilo ndilo linalokulinda wewe na unga na kumhakikishia mtoto kipimo. Ukitaka njia nyingine, vile vidonge visivyo kapsuli ndivyo vya kuulizia.

Jambo la mwisho ndilo ninalokuomba usilifiche hata ukiona haya. Ukienda kliniki sema wazi: dawa ilikaa kwenye nailoni, ikalowa, nikaianika, nikawa naifungua kwenye uji, tangu mwezi fulani. Sababu ni hii. Daktari hufuata kipimo cha damu, picha kamili, kila wiki nne dozi inapobadilishwa na kila miezi miwili mitatu ikitulia. Mtoto anayeipata dawa sawasawa, chembe zake nyekundu huwa kubwa. Namba hiyo huandikwa MCV. Ikishuka, maana yake mara nyingi dawa haifiki. Daktari asiyejua habari ya nailoni ataona MCV imeshuka na maumivu yamerudi, atadhani dozi ni ndogo, ataipandisha. Kisha wewe utapata chupa mpya, kavu, yenye nguvu kamili, na mtoto atapokea dozi kubwa kuliko anayohitaji. Hapo ndipo chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu hushuka mno. Omba kipimo cha damu kabla dozi haijaguswa, na kingine wiki nne baada ya kuanza chupa mpya.

Wakati huu ambao hujui amekuwa akipata kiasi gani, mtazame kwa karibu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, mwende hospitali siku hiyo hiyo, usimtibu kwa panadoli ukingoja. Vivyo hivyo akipauka ghafla midomo na viganja, tumbo likivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, kifua kikiuma au pumzi zikiwa za haraka, akitoka vidonda mdomoni, au fizi na pua zikitoa damu bila kuumia. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mdomo ukienda upande au maneno yakipotea, hicho ni kiharusi hata kwa mtoto, na hata kama ni saa nane ya usiku tafuta gari wakati huo huo.